Mwachie Mzee Simu Mkononi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuwafundisha Wazee Intaneti

Nimeyakusanya hapa maswali ninayoulizwa na watoto, wajukuu na wazee wenyewe. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa kuwa ndiko ninakofundishia. Aliye Kenya au Burundi atabadilisha namba za huduma, mengine yanafanana. Niseme mapema ninachokiamini: mzee hujifunza simu ikiwa mkononi mwake yeye, na hajifunzi kitu ikiwa mkononi mwa mjukuu. Majibu mengi hapa chini yanatokana na hilo.

Mama yangu ana miaka 71. Hajachelewa?

Hajachelewa. Mama huyohuyo amekuwa akipiga *150*00# kwa miaka mingi, anajua abonyeze ngapi ili atume hela na anajua kuficha namba ya siri mbele ya wakala. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 hakuna aliyemfungulia darasa. Alijifunza kwa wakala na kwa jirani, kwa sababu hela ya ada na ya dawa ilikuwa inapitia humo.

Kizazi chake kina historia pia. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na watu wenye wajukuu wakakaa chini ya miembe kujifunza herufi. Waliokuwa wakiwafundisha, mara nyingi, ni vijana waliomaliza darasa la saba. Huenda mama yako alikuwa miongoni mwa wanafunzi hao, au miongoni mwa walimu. Muulize, maana akianza kukusimulia utagundua kwamba anajua mengi kuhusu kumfundisha mtu mzima kuliko wewe.

Ni kweli umri unapunguza kasi. Jambo ulilolishika kwa kuonyeshwa mara moja, yeye atalirudia siku kadhaa kabla halijakaa. Panga muda ukilijua hilo.

Nianze kumfundisha nini?

Anza na anachokitaka yeye. Swali zuri la kwanza ni "Mama, ungependa kumwona nani?" au "Mzee, ungependa kusikiliza nini?" Halafu nyamaza usubiri jibu.

Kisomo cha miaka ile kilikuwa na busara hii. Mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza mwaka 1968 kanda ya Ziwa, serikali ikishirikiana na UNESCO, uliwafundisha watu kusoma kupitia pamba, ndizi na uvuvi. Mkulima wa pamba alisoma habari za pamba. Simu nayo ifundishwe hivyohivyo. Aliyekuwa fundi cherehani ataka kuona mishono mipya. Mstaafu wa reli atatafuta muziki wa dansi aliousikia Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya sabini. Mwingine anataka mawaidha ya Ijumaa au kwaya ya kanisani kwao, mwingine matokeo ya Simba na Yanga, mwingine bei ya mahindi kabla dalali hajafika mlangoni. Na karibu wote wanataka kumwona mjukuu aliyezaliwa mbali.

Usianze na barua pepe. Simu za Android zinahitaji akaunti ya Google ili programu zipakuliwe, kwa hiyo mfungulie akaunti hiyo akiwa amekaa pembeni yako, andikeni anwani na nywila kwenye daftari lake, mwendelee. Nimeona wazee wengi waliokata tamaa siku ya kwanza kwa sababu saa nzima iliishia kwenye kutengeneza nywila, na hawakuona chochote kilichowafurahisha.

Nimnunulie simu gani?

Usimpe simu yako ya zamani yenye kioo kilichopasuka na betri inayoisha saa sita mchana. Simu mbovu humfanya mzee aamini kwamba mbovu ni yeye. Tafuta yenye skrini pana, sauti kubwa, betri ya kukaa siku nzima, na memori isiyopungua GB 64, kwa sababu video za magrupu zitaijaza ile ndogo ndani ya miezi michache.

Kitochi chake, ile simu ya vitufe, mwachie. Ushauri wangu, na wapo wasiokubaliana nami, ni kwamba laini yenye hela ibaki kwenye kitochi, simu ya kupangusa iwe na laini nyingine kwa ajili ya WhatsApp, YouTube na mengineyo. Akipotea njia kwenye intaneti hapotei na pensheni yake. Baadaye, akishazoea, ataamua mwenyewe kama anataka kuviunganisha.

Akigusa, simu haisikii. Au alama zinahama na kupotea. Simu ni mbovu?

Mara nyingi simu ni nzima. Skrini hizi huhisi kidole kwa sababu ngozi yetu hupitisha umeme mdogo, na ngozi ya vidole vya mzee huwa kavu, hasa aliyelima au aliyefua maisha yake yote. Kidole kikavu na chenye sugu hakihisiwi vizuri. Mwambie agusie sehemu laini ya kidole, ile inayochovywa wino, asitumie ncha wala ukucha. Kunawa mikono na kujipaka mafuta kidogo kabla ya kuanza kunasaidia sana.

Tatizo la pili ni kukandamiza. Mtu aliyezoea vitufe hubonyeza kwa nguvu na kushikilia mpaka ahisi kitu kimeingia. Skrini haina cha kuingia, kwa hiyo yeye anaendelea kushikilia, na simu inaelewa kwamba anataka kuihamisha au kuifuta ile alama. Ndiyo maana WhatsApp "imepotea" kila Jumatatu. Ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya ufikivu, utafute muda wa kugusa na kushikilia, uuweke mrefu. Kisha mfundishe mguso wenyewe: aguse na kuachia haraka, kama anayeonja chai ya moto kwa kidole. Fanyeni zoezi hilo peke yake, bila kufungua kitu chochote, mpaka kidole kizoee.

Ongeza muda wa skrini kuzimika uwe dakika mbili au zaidi. Kwa kawaida huzimika baada ya nusu dakika, na mzee anayesoma polepole hujikuta gizani katikati ya sentensi. Zuia pia skrini kujigeuza akilala ubavu. Mwisho, ondoa alama zote za mbele asizozihitaji, mwachie tano au sita, na zikishakaa mahali pake usizihamishe tena.

Hasomi maandishi, anasema ni madogo.

Kuza maandishi kwenye Mipangilio, ongeza mwanga, na uweke simu kwa Kiswahili kama ndiyo lugha anayosomea. Utapata tabu kidogo wewe uliyezoea menyu za Kiingereza, jifunze. Kama maandishi makubwa kabisa bado anayaona ukungu, shida haiko kwenye simu. Mpeleke akapimwe macho, inaweza kuwa miwani tu au mtoto wa jicho, na vyote vina tiba.

Nimemwonyesha mara nyingi mno, kila siku anasahau. Nifanyeje?

Jiangalie mikono. Tunapomfundisha mzee huwa tunasema "ngoja nikuonyeshe," tunaichukua simu, kidole kinapita mara nne kwa sekunde tatu, tunamrudishia: "Umeona?" Ameona kidole chako. Hakuna alichojifunza, na kwa heshima yake atakujibu ndiyo.

Simu ikae mkononi mwake, au mezani mbele yake, na wewe mikono yako iwe mapajani. Ongea tu. "Bibi, ile ya kijani yenye simu ndani iko wapi? Haya, iguse." Akikosea, usiinyakue. Mwache aone alikofika, kisha aulizwe: sasa tunarudije nyuma? Kurudi nyuma ndilo somo la kwanza ninalofundisha, kabla ya kupiga hata simu moja. Mzee anayejua njia ya kurudi hana hofu ya kuharibu, na hofu ya kuharibu kitu cha gharama cha mtoto wake ndiyo inayowafunga wengi mikono.

Kila kikao kiwe na jambo moja. Akiweza kumpigia binti yake simu ya video, mwishie hapo, anywe chai. Kesho mrudie hilohilo kabla ya kuongeza lingine.

Awe na daftari, na aandike mwenyewe kwa mwandiko wake na maneno yake. Usimwandikie. Mzee mmoja ninayemfundisha ameandika: "Kumwona Neema: kijani – Neema – kamera ya juu – subiri alie." Anamaanisha mlio wa simu. Maelezo hayo hayamo kwenye mwongozo wowote, na yeye hajawahi kukwama tangu ayaandike.

Jambo la mwisho hapa: toni. Ulipokuwa mdogo alikurudia neno lilelile bila kuhema kwa hasira. Ukijikuta umeanza kusema "si nimekwambia," funga somo siku hiyo.

Babu hajui kusoma. Intaneti itamfaa nini?

Itamfaa sana. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp umewaingiza wengi wasiosoma: unashikilia alama ya maikrofoni, unaongea, unaachia. Weka picha ya uso kwa kila jina muhimu kwenye simu yake, ili achague kwa sura. Kibodi ya Google imekuwa ikielewa Kiswahili cha kusema tangu mwaka 2017, kwa hiyo akifungua YouTube na kugusa maikrofoni akasema "mafunzo ya ufugaji wa kuku wa kienyeji," itamtafutia. Aseme kwa utulivu na redio ikiwa imezimwa.

Usikimbilie pia kusema hajui kusoma. Ukanda wa pwani na visiwani wapo wazee wasioshika herufi za kizungu lakini wanasoma herufi za Kiarabu tangu madrasa. Ongeza kibodi ya Kiarabu kwenye simu yake umwone anavyoandikiana na wenzake Kiswahili kwa herufi hizo.

Bando linaisha haraka kuliko anavyotumia.

Linaliwa na magrupu. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, zima upakuaji wa picha, video na sauti unaojifanya wenyewe. Awe anagusa anachotaka kukiona. YouTube iwekwe ubora wa chini kwa video. Kwa mawaidha au muziki hataona tofauti. Na usimwekee bando kubwa la siku moja, kwa sababu litaisha muda kabla hajalitumia na ataona ameibiwa. La wiki au la mwezi linamtosha.

Nimlinde vipi na matapeli?

Kwa kumzoesha. Kumtisha hakusaidii, mzee aliyetishwa huacha simu, au hutapeliwa vilevile kwa njia ambayo hukumtajia.

Mwonyeshe mbinu zenyewe, kwa maneno yao. Kuna ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii," unaomkuta mtu ambaye kweli alikuwa anakaribia kutuma hela mahali. Kuna anayejifanya mwenye nyumba. Kuna anayepiga akidai ni mwalimu, mtoto ameanguka shuleni, yuko hospitali, inatakiwa hela sasa hivi. Kuna anayejiita huduma kwa wateja, laini yako inafungwa leo, fuata maelekezo haya, na maelekezo yanaishia kwenye namba ya siri. Kuna ujumbe wa muamala wa bandia, kisha simu ya mtu anayelia kwamba amekosea kutuma, umrudishie. Kuna wa mganga na wa utajiri wa kujiunga na jamii za siri. Na kwenye Facebook kuna kurasa zenye picha za viongozi na matajiri zikitoa mikopo kwa sharti la kulipa kwanza ada ya fomu.

Zote zinategemea haraka. Kwa hiyo kanuni ya nyumbani iwe moja: kata simu, kisha piga wewe kwa namba unayoijua. Mwalimu wa kweli atakuwepo ukimpigia. Mwenye nyumba wa kweli hatakasirika.

Ongeza mambo mawili ya kuangalia. Ujumbe wa kweli wa muamala hufika kwa jina la huduma yenyewe, haufiki kutoka namba ya kawaida ya simu. Na kabla ya kumrudishia mtu yeyote hela, angalia salio. Pili, unapotuma hela jina la mpokeaji hutokea kabla ya namba ya siri. Mzee azoee kulisoma kwa sauti. Jina likiwa si la anayemjua, anaghairi.

Halafu igizeni. Wewe jifanye mwalimu wa shule anayelia, mpigie ukiwa chumba cha pili, umwone atafanyaje. Wazee hulipenda zoezi hili, na kichwa hukumbuka kilichotendwa kuliko kilichohubiriwa. Kwa kuwa siku hizi hata sauti ya mtu inaweza kuigwa na kompyuta, kubalianeni swali la familia ambalo jibu lake halimo mtandaoni: ng'ombe wa kwanza wa babu aliitwa nani?

Mikopo ya simu iangalieni kwa macho mawili. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Nyingi za namna hiyo huchukua majina yote yaliyomo kwenye simu, na ukichelewa kulipa wanawatumia ndugu na majirani ujumbe wa kukuaibisha. Kwa mzee, aibu hiyo ni nzito kuliko deni.

Ameshatuma. Hela imekwenda kwa tapeli. Tufanye nini?

Pigeni huduma kwa wateja ya mtandao wake, namba 100, dakika hiyohiyo, muombe muamala uzuiwe. Kila dakika inahesabika, kwa sababu tapeli anakimbilia kwa wakala. Andikeni namba ya muamala, saa na kiasi, kisha mripoti polisi. Namba na ujumbe wa kitapeli vitumwe 15040, ambayo ni namba iliyowekwa kwa ajili hiyo Tanzania. Kenya, muamala uliokosewa wa M-Pesa ujumbe wake hutumwa 456, na utapeli huripotiwa 333 kwa wateja wa Safaricom. Hapa Tanzania pigeni pia *106# muone kama kuna laini nyingine zimesajiliwa kwa kitambulisho chake bila yeye kujua.

Na usimgombeze. Mzee aliyegombezwa mara ya kwanza ataificha mara ya pili, na mara ya pili huwa kubwa zaidi.

WhatsApp yake inaomba watu hela na si yeye. Imekuwaje?

Aliombwa tarakimu sita ambazo WhatsApp ilimtumia kwa ujumbe. Mtu anayemfahamu, ambaye naye ameshaibiwa akaunti, alimwandikia: "Nimekutumia namba kimakosa, nirudishie." Zile zilikuwa funguo za akaunti yake. Ingizeni upya WhatsApp kwenye simu yake kwa namba yake ya simu. Zikija namba sita mpya mkaziingiza, mwizi atatolewa. Kama mwizi ameshaweka uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada ya WhatsApp, mtasubiri siku saba ndipo muingie bila namba yake ya siri. Wakati huo wapigieni simu ndugu wote. Akaunti ikirudi, wekeni uthibitishaji huo nyinyi.

Namba ya siri ya hela, niijue mimi mtoto wake?

Hapana, maadamu anaweza kuikumbuka. Najua jibu hili linawaudhi baadhi. Lakini wazee hawaibiwi na wageni tu. Kuna mjukuu anayesoma ujumbe kwa niaba ya bibi, anayetuma kwa niaba ya bibi, na siku moja anatoa elfu kumi bila niaba ya mtu. Bibi anajua. Hasemi, kwa sababu nani atamchotea maji?

Achague namba ambayo si mwaka wake wa kuzaliwa, maana huo umeandikwa kwenye kila fomu. Akihofia kusahau, aiandike kwenye karatasi bila kueleza ni ya nini, aifiche mbali na simu, sandukuni kwake. Simu yenyewe ifungwe pia, hasa vijijini ambako simu hukaa kutwa nzima kwenye kibanda cha kuchajia. Alama za vidole vya mkulima huwa zimelika, kama ilivyowasumbua wengi kwenye usajili wa kitambulisho cha taifa na wa laini kwa alama za vidole ulioanza mwaka 2019. Kama kidole hakikubali, jaribuni cha mkono asioutumia sana, au wekeni namba.

Anasambaza kila kitu kwenye grupu la ukoo: dawa za kisukari, habari za uongo. Nimwambie nini?

Usimjibu kwenye grupu. Kumsahihisha mzee mbele ya wajukuu ni kumvunjia heshima, naye atautetea ule ujumbe hata kama hakuuamini. Mpigie. Mwambie una shaka, na mwonyeshe ile alama ya mishale miwili: WhatsApp huiweka kwa ujumbe uliokwisha kupitishwa mikono mitano au zaidi. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo haupelekwi sehemu zaidi ya moja kwa wakati. Mishale miwili maana yake aliyekutumia naye hajui ulikotoka.

Elewa pia kwa nini anatuma. Ujumbe wa saa kumi na moja alfajiri ni salamu. Anasema nimeamka, nipo. Mjibu salamu yake, naye atakusikiliza utakapomwambia kuhusu dawa. Kwa habari za tiba uwe mkali kidogo: asiache dawa za presha au sukari kwa sababu ya sauti ya kwenye grupu bila kwenda kituo cha afya.

Niko Muscat, mama yuko Lushoto. Namfundishaje?

Mtafute mtu mmoja karibu naye, mtaratibu: jirani, mwalimu, binti wa kanisani au wa madrasa. Umlipe kitu kidogo kwa saa yake, na umweleze kuhusu mikono mapajani. Kwa mwanzo hilo linashinda teknolojia yoyote.

Mama akishaweza kupokea simu ya video, WhatsApp tangu mwaka 2023 inaruhusu kuonyeshana skrini mkiwa mnaongea. Utaona anachokiona, umwelekeze kwa maneno. Lakini matapeli nao wanaitumia, kwa hiyo mwambie aionyeshe skrini yake kwa wanawe tu, na asifungue huduma ya hela wakati huo hata kwako.

Baba ni mstaafu. Kuna lipi la kiserikali analoweza kufanya kwa simu?

Mengi. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma ulioanza mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne, una programu ya PSSSF Kiganjani inayompa mwanachama huduma, uhakiki wa mstaafu ukiwemo, bila nauli ya kwenda ofisini. LUKU ananunua mwenyewe na kuingiza tarakimu 20 za umeme. Ankara za serikali zinalipwa kwa namba ya malipo, na hapo jina la taasisi hutokea kabla ya kuthibitisha, alisome. Asikubali kuachia nywila kwenye kibanda cha stesheneri "ili wamjazie haraka." Kama ni lazima ajaziwe, aingize nywila kwa mkono wake na aone akaunti ikifungwa kabla ya kuondoka.

Hataki kabisa. Nimlazimishe?

Usimlazimishe. Tumia simu yako mbele yake kwa mambo anayoyapenda, na siku akisogeza kiti utajua.

Bibi alikuwa anaweza, sasa ameanza kusahau sana. Nichukue simu?

Kwanza mpeleke hospitali. Kununua umeme mara tatu siku moja, kutuma hela ileile mara mbili, kupotea kwenye hatua alizozijua kwa miaka, hizo ni dalili za kuonyeshwa daktari, na baadhi ya sababu zake zinatibika.

Simu usiichukue. Punguza kinachoweza kumwumiza: salio la simu liwe la matumizi ya siku chache, hela kubwa ikae benki kwa utaratibu ambao ameukubali akiwa bado anaelewa na ndugu wote wanaujua. Programu za hela ziondolewe mbele. Mwachie sura za watu wake, sauti zao na nyimbo zake. Wapo wanaosahau jina la mjukuu lakini wakisikia kwaya au kasida ya utotoni wanaimba mpaka mwisho.

Mzee akifariki, hela iliyomo kwenye simu na picha zake inakuwaje?

Hela ni sehemu ya mirathi. Hata kama unaijua namba ya siri, usitoe. Ndugu watakuja kuuliza, na sheria haiko upande wako. Kampuni ya simu itadai cheti cha kifo, ambacho hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, pamoja na barua ya usimamizi wa mirathi, ambayo familia nyingi huiomba Mahakama ya Mwanzo baada ya kikao cha ukoo kumpendekeza msimamizi.

Picha na sauti zisisubiri msiba. Mzee akiwa hai na akiridhia, hamisha picha zake na ujumbe wake wa sauti kwenye memori nyingine, ukiandika nani ni nani kwa maelezo yake mwenyewe. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba hugawiwa mtu mwingine, na WhatsApp ya namba hiyo huondoka nayo.